Kiu Katikati ya Maji

Msomaji, kila mtu ajua kuwa mti hufa kwa kukosa maji. Mtoto mdogo aliyepanda mche shuleni ajua hivyo, na mkulima aliyeona mahindi yake yakinyauka mwezi wa Januari ajua zaidi. Lakini je, umepata kuona mti ukifa kwa kiu na hali shina lake limesimama majini? Baada ya maji ya Ziwa Viktoria kupanda mwaka 2020, mtu aliyetembea kando ya Ghuba ya Winam, karibu na mji wa Kisumu, aliona jambo hilo kwa macho yake. Miti iliyokuwa ikiwapa kivuli wavuvi na wachuuzi ilisimama ndani ya maji, kwanza majani yakawa manjano, kisha yakapukutika, na mwisho matawi yakabaki meupe kama mifupa. Ziwa lilikuwa tele, na mti ulikuwa na kiu.

Neno hili laonekana kama kitendawili. Nakuomba ufuatane nami tukitegue, maana ndani yake mna historia ya mji, ya ziwa, na ya watu waliosahau, pamoja na fundisho kwa kila atakayeshika jembe kupanda mti.

Tuanze mbali, ili tupate kuona vizuri ya karibu. Katika nchi za baridi, kama vile Kanada, Ujerumani na sehemu kubwa ya Marekani, maji huganda barabarani wakati wa kipupwe, na magari huteleza yakaua watu. Watu wa huko waligundua kuwa maji yenye chumvi hayagandi upesi kama maji matupu. Jimbo la New Hampshire, huko Marekani, lilianza kuijaribu chumvi katika barabara zake kwenye mwaka 1938. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia magari yakawa mengi, na desturi hiyo ikaenea hata chumvi ikawa yamwagwa kwa malori kila mwaka. Barabara zikawa salama, na watu wakafurahi. Lakini miti iliyopandwa kandokando ya njia ikaanza kudhoofika. Kingo za majani zikaungua kana kwamba zimepitishwa motoni. Machipukizi ya upande unaotazama barabara yakafa, na yale ya upande wa pili yakachanua. Miti ikakauka katika udongo uliolowa.

Kwa nini? Jibu walijua mama yeyote auzaye samaki pwani ya ziwa letu. Akitaka kumhifadhi mbuta, humpasua, akamsugua chumvi, na baada ya muda huona maji yakimtoka samaki. Chumvi huyavuta maji. Basi mizizi ya mti nayo hunywa kwa kuyavuta maji kutoka udongoni. Na udongo ukijaa chumvi, huwa kana kwamba wawili wanavutana kamba, mzizi upande mmoja na chumvi upande mwingine. Chumvi ikizidi nguvu, maji hubaki udongoni, na mti hushinda na kiu mbele ya mtungi uliojaa. Tena chumvi kidogo inayoingia ndani huchukuliwa na maji hadi ncha za majani, ikarundikana huko na kuwa sumu. Na udongo wenyewe huharibika, kwa kuwa chumvi hutawanya chembe za mfinyanzi, zikaziba matundu ambayo hewa na maji hupitia.

Utaniambia, msomaji, kuwa Kisumu hakuna theluji, wala hapana mtu amwagaye chumvi barabarani ili gari lisiteleze. Ni kweli. Lakini kila mji una mitihani yake kwa miti yake. Tuutazame basi mji wetu.

Kisumu ni mji wa maji na wa chuma. Kabla ya reli palikuwa mahali pa kukutana na kubadilishana mali, na yasemwa kuwa jina lake limetokana na neno la Kijaluo linalohusu mahali pa kutafuta chakula kwa kubadilishana. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingo wa ziwa tarehe 20 Desemba 1901. Kituo kikaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston, na baadaye jina la Kisumu likarudi na kudumu. Reli haikuleta watu na bidhaa peke yao. Katika miji iliyozaliwa kando yake, miti migeni ilipandwa pamoja na ya wenyeji: mwembe na mwarobaini, ambao asili yao ni Bara Hindi, mjakaranda, uliotoka Amerika ya Kusini, na mkalitusi, uliotoka Australia. Miti hiyo ikasimama pamoja na mikuyu, mikwaju na siala, mti ambao Wajaluo wameupenda tangu zamani kwa mbao na nguzo zake. Hivyo miti ya mji ni kama watu wa mji: wengine wamezaliwa hapo, wengine wamekuja, na wote wapaswa kuishi pamoja juu ya ardhi moja.

Na ardhi hiyo ina jirani mkubwa. Ziwa ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, nalo liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka moja kwa moja mawinguni kwa mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na njia yake moja ya kutokea ni Mto Naili, huko Jinja. Mwenye nyumba wa namna hiyo, mwenye mlango mpana wa kuingilia na mlango mwembamba wa kutokea, hana budi kuona wageni wakijaa mvua zikizidi. Vipimo vya kina cha ziwa vimeandikwa tangu mwaka 1896, na ndani yake twaweza kusoma tabia zake kama tusomavyo tabia za mtu katika barua zake.

Mwishoni mwa mwaka 1961 mvua ilinyesha Afrika ya Mashariki kwa wingi usio wa kawaida. Mito ya Nyando, Sondu na Nzoia ikafurika. Ziwa likaanza kupanda, na halikushuka mwaka uliofuata, wala ule wa pili. Kenya ilipopata Uhuru tarehe 12 Desemba 1963, maji yalikuwa bado yakipanda. Na mwezi wa Mei 1964 yalifika kipimo cha mita 13.41 huko Jinja, yaani zaidi ya mita 2 juu ya yalivyokuwa kabla ya mvua zile. Mashamba ya ukingoni yalimezwa. Vijiji vilihama. Matete na mafunjo yalisogea mbali na mahali pake pa zamani. Na miti iliyokuwa imekua kwa miaka mingi katika nchi kavu ilijikuta imo ziwani, nayo haikuwa na miguu ya kukimbilia.

Hapa ndipo kitendawili chetu kinapotegulika. Mzizi hunywa, lakini pia hupumua. Katika udongo mzuri mna vijia vidogo vya hewa, na mzizi hupata humo oksijeni ya kuupa nguvu ya kufanya kazi. Maji yakifunika ardhi, vijia hivyo hujaa, na oksijeni hupita katika maji polepole mno, yapata mara 10,000 polepole kuliko inavyopita hewani. Mzizi hukosa pumzi; ukikosa pumzi hukosa nguvu; ukikosa nguvu hauwezi kunywa. Majani yaliyo juu, yanayochomwa na jua la Kisumu, huendelea kudai maji, na mizizi iliyo chini haiwezi kuyapeleka. Mti hunyauka kama ulio jangwani. Ona basi, msomaji, jinsi mti wa Kanada na mti wa Kisumu walivyo ndugu katika msiba. Mmoja hunyang'anywa maji na chumvi, wa pili hunyimwa nguvu ya kuyanywa, na wote wawili hufa kwa kiu katikati ya maji.

Lakini si miti yote iliyokufa, na hili ndilo jambo la kutazamwa sana na mwanafunzi wa historia. Kila msiba una walioshindwa na walioshinda, na yafaa kuwauliza walioshinda siri yao. Katika kingo za ziwa huota mti mmoja mdogo uitwao ambachi, wenye maua makubwa ya manjano na ubao mwepesi mno, hata wavuvi waliutumia tangu zamani kufanya maboya ya nyavu zao. Mti huo husimama majini bila hofu. Shina lake jepesi lina nafasi nyingi za hewa. Mimea mingine ya ukingoni hufanya vivyo hivyo kwa njia mbalimbali: mmoja hutoa mizizi mipya karibu na uso wa maji, palipo hewa; mwingine hupanua vitundu vya gome ili upumue kwa shina pale mizizi isipoweza kupumua. Hakuna mti uliofundishwa hila hizi kwa siku moja. Zilipatikana kwa vizazi visivyohesabika vya kuishi na kufa penye maji.

Na chumvi nayo ina mashujaa wake, hata hapa kwetu. Karibu na Kendu Bay, si mbali na ghuba yenye maji baridi matamu, liko ziwa dogo la Simbi Nyaima, lenye maji ya magadi. Wazee husimulia kuwa kijihiji kilizama hapo kwa sababu wenyeji walimnyima kikongwe mahali pa kulala. Wanajiolojia husema kuwa ni shimo la volkano. Msomaji aweza kuipenda hadithi na kuikubali elimu, kwa kuwa zote mbili zaonya kuwa maji hayana urafiki wa milele. Huko Nakuru nako, kuanzia mwaka 2010 hivi, ziwa la magadi lilipanda na kuingia katika msitu wa migunga ya manjano ulio pembeni. Miti hiyo ilipatwa na misiba yote miwili kwa pamoja, yaani kukosa pumzi na kuonja chumvi, na mingi ikafa imesimama.

Tukiifuata reli kurudi ilikoanzia, tutakuta mfano ulio bora zaidi. Karibu na Mombasa, huko Bamburi, kiwanda cha saruji kilichoanza kazi mwaka 1954 kilichimba mawe ya matumbawe hadi ardhi ikabaki uwanja mweupe usio na udongo, jua likiuchoma juu na maji yenye chumvi yakiwa karibu chini. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alipewa kazi ya kuotesha kitu mahali pale. Alijaribu aina 26 za miti. Aina 23 zilimshinda. Tatu zikaishi: mnazi, mti mmoja wa asili ya Somalia, na mvinje, ambao watu wa pwani waujua kwa kuimba kwake upepo uvumapo. Mvinje una vijidudu rafiki katika mizizi yake, ambavyo hutengeneza mbolea kutoka hewani, nao huvumilia chumvi ambayo ingeua mwembe. Lakini majani yake yaliyoanguka hayakuoza. Yalilala juu ya mawe kama mkeka. Basi wakaletwa majongoo wekundu, wakayala majani hayo, na mavi yao yakawa mwanzo wa udongo. Kutoka hapo ikaja miti mingine, ndege na wanyama, na machimbo yale yakawa msitu ambao watu hulipa kwenda kuutazama.

Siri ya kuvumilia chumvi yaonekana vizuri zaidi katika mikoko ya pwani. Mkoko huichuja chumvi mizizini, nyingi yake isipate kuingia. Mchu huiruhusu sehemu iingie, kisha huitoa kwa majani. Ukilamba jani lake asubuhi ya kiangazi utaonja chumvi. Tena mchu huchomoza vidole vya mizizi juu ya tope ili upate kupumua maji yanapojaa. Mti huo mmoja umeshinda mitihani miwili, wa chumvi na wa pumzi. Lakini usidhani, msomaji, kwamba twaweza kuuchukua mchu tukaupanda mjini Kisumu na kumaliza kazi. Kila mti una kwao. Tunachoweza kuuchukua ni mfano wake: kwamba mti ulio mahali pake huishi katika dhiki inayoua mti ulio mahali pa wengine.

Sasa turudi ziwani, maana historia yetu haijaisha. Baada ya mwaka 1964 maji yalianza kushuka polepole. Mwaka 2006, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyotolewa kwenye mabwawa ya Jinja, ziwa lilikuwa chini kuliko lilivyopata kuwa kwa miaka 80 hivi. Ardhi iliyokuwa chini ya maji ikaonekana tena, nyeusi na yenye rutuba. Watu waliolima wakapanda, waliojenga wakajenga, na miti mipya ikaota pale ilipofia miti ya zamani. Wazee walioona alama ya 1964 walikuwa wachache, na waliosema walisikizwa kidogo. Mwezi wa Mei 2020 maji yakafika mita 13.42 huko Jinja, yakaipita alama ya zamani kwa kipimo cha unene wa kidole. Kingo za Kisumu, na nyanda za Kano na Nyakach, zikafunikwa. Mwaka 2024 maji yakapanda tena. Watu wakalia kuwa ziwa limewavamia. Kwa haki, ziwa lilikuwa limerudi kulala katika kitanda chake cha zamani, likawakuta wengine wamekilalia.

Hapo palipotea nyumba na mashamba, nayo ni hasara ambayo hapana mtu wa moyo aiwezaye kuidharau. Lakini nitazame pia hasara ya mti, ambayo hainyamazi ila kwa sababu haina kinywa. Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba; na chini ya mti wa ukingoni hawakai ndege tu. Hukaa mwanamke akaangaye samaki, fundi ashonaye nyavu, mwanafunzi asubiriye gari, na mzee apumzikaye jua la saa nane. Mti wa umri wa miaka 50 ukifa leo, aliyepanda mche kesho atakuwa mzee kabla hajakaa chini ya kivuli kama kile. Fedha yaweza kujenga upya ukuta kwa mwezi mmoja. Haiwezi kununua miaka 50.

Wala maji ya ziwa si mtihani peke yake. Ndani ya mji, mti huzungukwa kwa lami na saruji hadi shinani, mvua isiingie na hewa isipite. Na hayo ni mafuriko ya mawe, kwa kuwa mzizi hukosa pumzi vilevile. Saruji inayooshwa na mvua huongeza chokaa udongoni. Na yule amwagaye chini ya mti maji ya chumvi yaliyooshea samaki, au maji ya sabuni kila siku mahali pamoja, ajue kuwa anafanya kwa ndoo yake yale ambayo lori la nchi za baridi hufanya kwa koleo. Hatuna theluji, lakini tumejua kuupa mti chumvi bila kuisubiri.

Basi tutende nini? Kwanza, tukumbuke alama. Mji ambao umeona maji mara mbili mahali pamoja hauna udhuru wa kushangaa mara ya tatu. Chini ya alama ya 1964 na 2020 tuyaache matete, mafunjo na ambachi yafanye kazi yake ya kulinda ukingo. Juu yake ndipo tupande mwembe na siala. Pili, kabla ya kuuliza mti upi ni mzuri, tuulize ardhi hii ni ya namna gani: ina chumvi au haina, hushika maji au huyapitisha. Haller hakujua kwa kukisia ni aina ipi itakayoishi. Alijaribu 26, akakubali kushindwa mara 23, ndipo akajua. Tatu, tuuachie mti wa mjini nafasi ya udongo ulio wazi kuzunguka shina, na tusiufanye jaa la maji machafu. Udongo wa hatua mbili hauzuii biashara ya mtu yeyote.

Msomaji, siku moja utakuwa mwalimu, au diwani, au mhandisi wa barabara, au mwenye kiwanja kidogo kando ya ziwa. Utapewa mche mkononi, na watu watapiga makofi na kupiga picha. Kabla hujauweka shimoni, inama uutazame udongo, kisha muulize mzee aliye karibu: maji yalifika wapi? Swali hilo halina gharama. Wengi walikuwa na nafasi ya kuliuliza kati ya mwaka 1964 na mwaka 2020, na walioliuliza kwa wakati walijenga na kupanda mahali palipodumu. Wasiouliza walijibiwa na ziwa lenyewe.